Chembe Ambayo Sikuitazama

Jumamosi ya kwanza mume wangu alipanda juu ya kiti cha jikoni akakifungua king'ora cha moshi kwa bisibisi, mimi nimekishika kiti huku nikimwambia kwamba mtu mwenye mashine ya moyo kifuani hapandi viti. Hakunisikiliza. Kalisti hanisikilizi nikiwa nimekasirika, na mimi hukasirika mara nyingi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, tulikuwa kwenye chai, na kitu fulani ndani ya nyumba kilikuwa kimelia mlio mwembamba wa kupanda na kushuka, sekunde kumi na tano hivi, kisha kikanyamaza.

"Betri imekwisha," alisema kutoka juu. "Hivi vidude vya Wamarekani vikiishiwa betri huanza kulalamika."

Aliitoa ile betri, akaweka nyingine aliyoichomoa kwenye redio yangu bila kuniomba, akashuka, akanitazama kwa ushindi na kurudi kwenye chai yake. Mimi nilikuwa nafurahi kwamba hakuanguka. Ule mlio wenyewe sikuufikiria tena.

Tulikuwa tunakaa Marekani, mji wa Alexandria, West End, ghorofa ya saba, mwaka 1998. Kalisti alikuwa anafanya kazi kwenye kibanda cha maegesho, chini ya jengo moja la ofisi pale Arlington, Jumatatu hadi Ijumaa tangu saa moja asubuhi. Binti yetu Violet alikuwa na miaka kumi na miwili. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu anakujibu kwa Kiingereza. Mwaka uliotangulia Kalisti alianguka ndani ya kile kibanda, akakutwa na dereva mmoja aliyetaka kutoka na gari lake. Hospitali walisema moyo wake una tabia ya kwenda ovyo ghafla. Wakampasua chini ya bega la kushoto, wakamwekea kifaa cha chuma chenye ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Moyo ukianza vurugu zake, kifaa kinaupiga shoti moja, unakaa sawa. Kalisti alikiita Askari. Usiku akigeuka kitandani ananiambia, "Sogea kidogo, Askari yuko zamu."

Walitupa na kijitabu cha maelezo, kurasa arobaini. Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma vijitabu vya mashine, hicho sikukisoma. Jaladani kulikuwa na mchoro wa kifua cha mtu kilichofunguliwa. Nilikitia kwenye droo ya vijiko.

Sasa niseme kazi yangu, maana yote yalitokea humo. Nilikuwa fundi wa hadubini ya elektroni katika maabara moja Maryland. Hadubini ile ni mnara wa chuma mrefu kuliko mimi. Haitumii mwanga wa taa, inatumia mwale wa elektroni unaopenya ndani ya kitu na kuangusha kivuli chake kwenye kioo cha kijani chini. Ili uone lazima uzime taa zote. Nilikuwa nakaa mchana kutwa gizani, peke yangu, pampu zikinguruma nyuma ya ukuta, natazama vitu ambavyo elfu moja vyake vikipangwa mstari havifiki upana wa ukucha. Giza sikuliogopa hata kidogo. Ningeogopa giza ningekula nini?

Aliyenifundisha ni Mzee Phineas, Mmarekani mweusi wa Takoma Park, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya haya. Alikuwa mkali kuliko mimi. Alinifundisha jambo moja ambalo kila mtu wa kazi yetu analijua: mwale unaharibu. Kuna vitu ukivitazama tu vinabadilika, kwa sababu kule kutazama ni kuvipiga. Kwa hiyo kama unataka picha ya kweli, unaiacha ile chembe unayoitaka, unaweka sawa mashine yako kwa chembe ya jirani, kisha unaufunga mwale, unasogeza kwa kukisia, unapiga picha kwa sekunde moja bila kuangalia. Hujui umepata nini mpaka usafishe filamu. Tuliita kupiga kipofu. Kati ya picha kumi, sita unakuta umepiga utupu. Ni kazi ya siku nzima, inachosha, na mimi sikuipenda.

Mwezi wa tisa kampuni moja ilituletea betri. Sitaitaja jina. Zilikuwa betri ndogo za vifaa vya moyo, mpya, hazijawahi kutumika, zimekaa kabatini miezi kumi na minne. Kampuni ilikuwa imepata habari kwamba baadhi ya vifaa vilivyomo miilini mwa watu vinachelewa vinapohitajika, nayo ilitaka kujua kama unga wa kathodi, yaani ule upande wa betri unaopokea umeme, unabadilika wenyewe kwa kukaa tu. Aliyezifungua ni Kibet, mkemia wetu, kijana wa Eldoret mwenye mikono mitulivu. Alizipasua ndani ya sanduku la vioo lenye gesi kavu, akauchukua ule unga na kuunyunyiza juu ya wavu wa shaba mdogo kuliko kifungo cha shati, akaniletea.

Unga ule ni vijiti vya fuwele. Ndani ya kila kijiti kuna madini ya fedha, yamepangwa safu kwa safu, na yanatakiwa yabaki humo mpaka betri ianze kazi. Fedha ikitoka kabla ya wakati, fuwele inajikunja na kuwa fuwele ya namna nyingine, ambayo umeme unapita kwa shida. Betri ya hivyo kazi ndogondogo inazimudu. Ikitakiwa kutoa shoti moja kubwa, inachelewa. Na moyo uliosimama hausubiri.

Siku ya pili niliona boksi zilimokuja zile betri. Zilikuwa na herufi tatu na namba mbili. Nilizijua. Kalisti alikuwa na kadi kwenye pochi yake aliyopewa hospitali, yenye aina ya kifaa chake na aina ya betri yake, na mimi ndiye niliyeifunika kwa plastiki isichakae. Zilikuwa zilezile. Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa mkubwa wetu, Daktari Halloran, nimwambie kwamba mume wangu anayo betri hii, ampe mtu mwingine kazi. Sikwenda. Niliogopa kwamba nikitolewa sitajua chochote. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaketi kwenye hadubini, na sasa ninapoeleza nakiri kwamba jibu nililolitaka nilikuwa nalo kabla sijazima taa.

Nilichukua kijiti cha kwanza. Kilikuwa safi, kingo zake zimenyooka. Nilipogeuza mashine nione mpangilio wa ndani, nukta za mwanga zilikaa safu safi kama punje za mahindi kwenye gunzi. Nikarudi kwenye picha. Ndipo ubavuni mwa kijiti nikaona kitone cheusi. Dakika moja kabla hakikuwepo, nina hakika. Nilikitazama, kikakua. Kikatoka cha pili, cha tatu, halafu vikaanza kuchomoza ubavu mzima, polepole, kila kimoja kikisukumwa kutoka ndani. Nilikuwa nimeshika usukani wa mashine na sikuweza kuuachia. Nilihisi kwamba kile kitu kinajua natazama. Nilipogeuza tena kwenye nukta, katikati ya zile safu kulikuwa na nukta nyingine, hafifu, ambazo hazikuwa zao. Zikazidi kung'aa. Za mwanzo zikafifia. Mbele ya macho yangu fuwele moja ikawa nyingine.

Nilicheka peke yangu gizani, nikawasha taa. Mgeni wa kazi angepiga kelele. Mimi nilijua ni mwale. Fedha ndiyo inayoongoza kwa tabia hiyo, ukiipiga mwale inatoka. Nilitazama vijiti ishirini siku zile. Vingi vilichomoza vitone nikivitazama, na vichache nilivikuta navyo tayari. Hivyo vichache nikasema mwale ulivipitia wakati natafuta. Nikaandika ripoti: mabadiliko yanayoonekana yametokana na hadubini yenyewe, betri hazina kasoro.

Kibet aliisoma amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Dada Leokadia, hii ume-shoot blind ama uliangalia tu?"

"Nimefanya kazi hii miaka sita, Kibet. Najua mwale ukifanya kazi yake unafanana na nini."

"Si nakataa. Nauliza tu, juu ukiangalia huwezi jua ilianza lini."

"Wewe pasua betri zako," nilimwambia. "Mimi niachie macho."

Alikunywa chai yake, akaondoka. Nilitia sahihi Jumatano, tarehe saba Oktoba. Jioni hiyo nilipika ndizi na maharage, nikamwambia Kalisti habari yote ambayo nilikuwa nimemficha wiki tatu: kwamba betri ya Askari wake imeletwa kwangu, kwamba nimeitazama kwa macho yangu mpaka ndani kabisa, na ni nzima. Alifurahi sana. Aliinua shati akajigonga pale kwenye kovu, akasema, "Umesikia, Askari? Mama Violet amekukagua."

Jumamosi iliyofuata ndiyo alipanda kiti.

Jumamosi ya pili, saa tatu asubuhi, mlio ukaja tena. Kalisti alikuwa jikoni anaosha vyombo. Aliacha maji yakimwagika, akaja mbio sebuleni, akapanda kiti, na safari hii alikitoa kile king'ora chote darini, akakitoa betri na kukiweka mezani kimefunguliwa. Tulikitazama wote watatu. Kilikuwa hakina uhai.

"Kimekoma," alisema.

Violet alikuwa ameacha uji wake. Alikuwa hatazami meza, anamtazama baba yake.

"It wasn't up there," alisema. "It was in the kitchen. When Baba was in the kitchen, it was in the kitchen. Then it came here with him."

Nilimwambia mlio haumfuati mtu toka jikoni mpaka sebuleni, ale uji kabla haujapoa.

Kesho yake, Jumapili, tulikuwa garini tunakwenda kanisani Takoma Park, ambako mara moja kwa mwezi tulikuwa na misa ya Kiswahili. Kalisti anaendesha, mimi kando yake, Violet nyuma. Saa tatu kamili, juu ya daraja, mto chini yetu, mlio ukaanza ndani ya gari. Ulikuwa uleule, mwembamba, unapanda na kushuka. Madirisha yamefungwa, redio imezimwa. Nilisikia nywele za shingoni zinanisimama. Hakuna king'ora cha moshi ndani ya gari.

"Peja," alisema Kalisti. Hakugeuza uso.

Peja yake, kile kidude cha kuonyesha namba ya anayekutafuta, ilikuwa kwenye kishikio cha vikombe, karibu na goti langu. Niliitazama. Kioo chake kilikuwa kitupu, hakuna namba. Mlio ukakoma. Tukaenda hivyo mpaka kanisani, na wakati wa kupeana amani Kalisti alinishika mkono kwa nguvu kuliko desturi.

Utaniuliza kwa nini sikujua. Nilijua mahali fulani, nadhani, ila sikutaka kwenda huko. Nilijiambia peja hulia ikiishiwa betri. Wiki ile nzima kila kitu kwangu kilikuwa kimeishiwa betri.

Jumanne niliurudisha ule wavu wa zamani kwenye hadubini. Sikumwambia mtu. Wavu una vijumba vidogo vya mraba, na mimi huchora ramani ya kila kijumba nilichofungua. Nilikwenda kwenye kona ambayo sikuwahi kuigusa. Nilifungua mwale, na palepale, kabla sijapepesa, kijiti kilikuwa kimejaa vitone. Vilikuwa vimekwisha kukua vyote, vikubwa, vimetulia ubavuni kana kwamba vimenisubiri. Nilifunga mwale haraka. Nilikaa gizani nikisikiliza pampu. Nilijaribu kujiambia kwamba mwale umefika kabla yangu, na mara hii sikuweza kujiamini. Niliogopa. Miaka sita katika chumba kile sikuwahi kuogopa, na siku hiyo nilitoka nikaacha taa inawaka.

Alhamisi nilimfuata Kibet.

"Nipasulie moja mpya," nilimwambia. "Nitapiga kipofu."

Nilingoja aniseme. Hakunisema. "Kesho jioni iko ready," alisema. "Lakini machine iko booked, Dada, labda uje Saturday."

Kwa hiyo Jumamosi ya tatu, tarehe ishirini na nne, niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikachukua gari nikaenda Maryland. Saa kumi na mbili nilikuwa nimekaa kwenye hadubini. Nilifanya kama Mzee Phineas alivyonifundisha, mpaka mikono ilikumbuka yenyewe. Niliweka sawa kwa jirani. Nikafunga mwale. Nikasogeza mzunguko mmoja na nusu. Nikapiga sekunde moja, uso nimeugeuzia ukutani nisije nikashawishika. Vitone vile huchukua dakika mbili kuchomoza. Kitu kitakachoonekana ndani ya sekunde moja kilikuwepo tangu zamani. Nilipiga kumi na mbili, nikaingia chumba cha kusafishia filamu, taa nyekundu, harufu ya siki, maji ya bomba.

Ilikuwa bado dakika kumi saa tatu nilipoziinua filamu mbichi na kuziweka kwenye kioo chenye taa. Tano zilikuwa tupu. Katika filamu mambo hugeuka, cheusi huwa cheupe. Vijiti saba vilikuwa vimelala pale vya kijivu, na kila kimoja ubavu wake ulikuwa umejaa vitone vyeupe. Hakuna mtu aliyewahi kuvitazama. Mimi mwenyewe sikuvitazama. Vilikuwa vimetoka vyenyewe, kabatini, ndani ya betri iliyofungwa.

Mikono ikiwa na maji ya dawa nilikwenda kwenye simu ya ukutani nikapiga nyumbani. Alipokea yeye.

"Baba Violet, usitoke leo."

"Festus yuko chini na lori," alisema. Festus ni Mtanzania mwenzetu, alikuwa anahama siku hiyo, na Kalisti alikuwa amemwahidi tangu wiki iliyopita kumsaidia. "Kabati lake lile la mninga, wewe unalijua. Peke yake haliwezi."

"Usibebe kabati. Usibebe hata mto. Nisikilize. Ile betri niliyokuambia..."

Hapo mlio ukaanza.

Nilitazama saa ya ukutani kwangu, ilikuwa saa tatu. Mlio ulikuja kupitia simu. Ulikuwa karibu sana, karibu kuliko sauti yake, umetokea chini kidogo ya mdomo wake. Niliusikia wote, kupanda na kushuka, mara ya kwanza nikiwa nausikiliza kweli. Nyuma yake nilimsikia Violet akisema, na safari hii alisema Kiswahili, kwa sauti ya kitoto ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanze shule:

"Baba, ni wewe. Ni wewe unalia."

Mlio ukakoma. Kalisti alikuwa anapumua.

"Kalisti," nilisema. Tangu Violet azaliwe sikuwahi kumwita jina lake. "Hicho ni nini?"

Nilimsikia akihamishia simu sikio la pili. Kisha alisema, "Waliniambia hospitali, siku ya kutoka. Wewe ulikuwa umekwenda kuleta gari. Walisema Askari akianza kulia kila asubuhi saa ileile, niwapigie simu siku hiyohiyo, betri itakuwa na matatizo."

"Na hukupiga."

"Wewe ulisema ni nzima. Ulisema umeiona mpaka ndani. Nikajiambia daktari anasoma makaratasi, mke wangu ndiye anayeona." Alikohoa kidogo. "Basi nikatafuta kitu kingine kinacholia, hata asubuhi zile alizolia wewe hukuwepo."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na hasira nyingi, na nilitafuta mahali pa kuziweka, na kila nilipogusa palikuwa pangu. Nililia. Nilimwambia kwa kulia kwamba nimekosea, kwamba aketi chini, kwamba Violet ashuke amwambie Festus. Festus aliteremsha magodoro mawili kupisha nafasi, akampeleka Kalisti hospitali ndani ya lile lori la kukodi, Violet katikati yao amekishika kile kijitabu alichokitoa kwenye droo ya vijiko.

Niliwakuta hospitali, ambako walikijaribu kifaa kabla ya kumpasua. Kilitakiwa kujiandaa kutoa shoti kwa sekunde saba. Kilichukua arobaini na moja. Daktari alituonyesha karatasi ya majibu, na Kalisti alizihesabu zile sekunde kwa sauti ndogo, moja mpaka arobaini na moja, anatazama dari. Mchana huohuo walimwekea kingine. Alipona. Yuko hai mpaka leo, na bado hanisikilizi.

Jumatatu nilikwenda kwa Daktari Halloran nikamwambia yote: kadi, herufi, kunyamaza kwangu, na picha za kipofu ambazo sikupiga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwamba ripoti mpya nitaiandika mimi, na kwamba tangu siku hiyo sitaigusa kazi ile bila mtu kando yangu. Niliandika. Sentensi ya kwanza ilikuwa kwamba ripoti ya tarehe saba ina makosa na makosa ni yangu. Kampuni iliandika barua kwa mahospitali ndani ya wiki.

Wiki ya tatu ya Novemba kampuni ilituletea sanduku. Ndani yake mlikuwa na vifaa viwili vilivyotolewa kwa watu, vimesafishwa, kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki wenye kikaratasi. Kibet alikuwa amekaa kando yangu, ndiye shahidi wangu. Niliusoma mfuko wa kwanza: namba niliyoijua kwa moyo, kimetolewa Oktoba 24, mgonjwa amebadilishiwa. Nikausoma wa pili: kimetolewa Oktoba 19. Mwanamke, miaka sitini na moja. Marehemu.

Jina halikuwekwa. Nilihesabu kutoka tarehe saba mpaka kumi na tisa, nikahesabu tena. Siku kumi na mbili. Tarehe kumi na tisa ilikuwa kesho yake baada ya ile Jumapili ya darajani.

"Dada, tuanze?" aliuliza Kibet.

Kabla sijajibu vikalia. Vyote viwili, pamoja, mlio uleule mwembamba wa kupanda na kushuka, juu ya meza, ndani ya plastiki. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili. Mwishoni mwa Oktoba saa za Marekani hurudishwa nyuma saa moja, na vyenyewe havikuambiwa. Nguvu ya kuita vilikuwa nayo bado. Ile nyingine, ya kupiga shoti kwa wakati, ndiyo haikuwepo.

"Ya mzee wako ni gani?" aliuliza Kibet taratibu.

Nilikuwa nimeishika mifuko yote miwili na sikuweza kutofautisha mlio wa huyu na wa yule. Nilimfikiria yule mama asubuhi zake za mwisho, saa tatu, anazunguka nyumba yake akitafuta kinacholia. Nilijiuliza kama alikuwa na mtu wa kumshikia kiti.